Nairobi hadi New York: umbali ni ule ule, saa ndizo zinazotuchanganya

Swali: Naishi Umoja, Nairobi. Mama yangu, mwenye miaka 68, anasafiri mapema Desemba kwenda New York kumwona mjukuu wake, na atarudi mwanzoni mwa Februari. Nimetafuta umbali nikapata majibu matatu: tovuti moja inasema 11,837, nyingine 7,355, ya tatu 6,391. Tiketi tuliyoonyeshwa inaondoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) 23:30 na kufika JFK (uwanja wa New York) 06:30, yaani saa saba tu. Ya kurudi inaondoka 12:30 na kufika kesho yake 10:30, saa ishirini na mbili! Kaka yangu anasema ni kwa sababu dunia inazunguka, kwa hiyo ndege ikielekea magharibi Marekani nayo inakuja kuilaki. Halafu kuna wakala wa tiketi anayetushawishi tupitie Doha au London kwa bei nafuu. Umbali hasa ni upi, Mama atakaa kwenye ndege muda gani, na tuchague njia ipi?

Jibu: Dada, tuanze na kilomita maana hizo ndizo rahisi. Tovuti zako tatu hazipingani hata kidogo. 11,837 ni kilomita. 7,355 ni maili za nchi kavu wanazotumia Wamarekani, kila moja mita 1,609. Na 6,391 ni maili za baharini, mita 1,852 kila moja, ambazo manahodha na marubani ndio wenyewe. Zidisha kwa kikokotoo cha simu utaona zote zinaangukia pale pale. Ukikuta tovuti ya nne inatofautiana na hizi kwa kilomita kumi au ishirini, usihangaike: dunia si mviringo kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na si kila programu inaijali tofauti hiyo. Mimi husema 11,840 nikamaliza.

Sasa, hizo 11,840 zimepimwa wapi? Si kwenye ramani ya ukutani. Ukichukua rula ukaunganisha Nairobi na New York kwenye ramani bapa, mstari wako utakatiza Kongo na Nigeria, utoke baharini pwani ya Afrika Magharibi, uvuke Atlantiki katikati. Mstari huo ni mrefu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ramani bapa inadanganya, na inadanganya zaidi kadiri unavyokwenda kaskazini. Tafuta tufe la dunia, hata lile dogo la plastiki la watoto wa shule. Weka ncha moja ya uzi Nairobi, nyingine New York, kaza. Uzi utakaa kwenye njia fupi kuliko zote, na utakushangaza: unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur kule Sudan, Chad, Niger, unaikata Algeria kwenye jangwa, unatokea baharini pwani ya Morocco karibu na mji wa Safi, unapita juu ya visiwa vya Azores, kisha unazidi kupanda mpaka latitudo ya 42 hivi, ambayo ni kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo unateremka kuingia JFK. Ndiyo maana Mama akifungua ramani kwenye skrini ya kiti chake ataona ndege inachora upinde. Haijapotea wala haizunguki. Ule upinde ndio mnyoofu.

Lakini hakuna ndege inayoufuata uzi huo sawasawa. Anga lina njia zake, vituo vyake vya kuongozea ndege, ada zake, na siku hizi vita vyake. Mapigano yalipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka. Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi, watawala wa Niger nao wakafunga anga lao kwa wiki kadhaa. Tazama tena orodha ya nchi nilizotaja: Darfur na Niger zote ziko chini ya uzi wetu. Kwa hiyo katika upangaji wa safari tunachukua umbali wa uzi na kuongeza asilimia mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kwa safari ya Mama hiyo ni kama kilomita 300 za ziada, dakika ishirini hivi. Si kitu cha kukukosesha usingizi, ila ujue kwamba namba ya kwenye tovuti ni ya uzi, haijapakia mafuta wala abiria.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na si wewe peke yako.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale ndege ilipo. 23:30 ni ya Nairobi, saa tano na nusu usiku. 06:30 ni ya New York, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa watu wa kule. Desemba, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Wao wanapoamka saa hiyo, wewe Umoja umeshakula chakula cha mchana, ni saa nane na nusu. Kwa hiyo toka saa tano na nusu usiku mpaka saa nane na nusu mchana wa kesho yake ni muda wa saa 15. Huo ndio muda wa kwenda. Kurudi fanya kinyume: anaondoka New York 12:30 mchana, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu usiku, anatua 10:30, saa nne na nusu asubuhi. Hesabu: saa 14.

Kuna njia ya mkato ninayowafundisha wote wanaoniuliza, kwa sababu haihitaji kujua tofauti ya saa kati ya miji. Chukua zile saa saba zako za uongo za kwenda, ujumlishe na zile ishirini na mbili za uongo za kurudi. Unapata 29. Gawa kwa mbili: 14 na nusu. Tofauti ya saa iliyopunguzwa upande mmoja imeongezwa upande wa pili, kwa hiyo zimefutana zenyewe, na kilichobaki ni muda halisi wa kukaa ndani ya ndege, wastani wa kwenda na kurudi. Inafanya kazi kwa miji yoyote miwili. Inaharibika tu iwapo kati ya kwenda na kurudi wenyeji wamesogeza saa zao. Wamarekani huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatuzigusi. Mama anakwenda Desemba na kurudi Februari, yuko salama, tofauti ni saa nane mwanzo mwisho. Angekaa hadi Aprili ingekuwa saba, na tiketi yake ya kurudi ingesomeka vingine.

Nikiwa hapo hapo kwenye saa, nikuonye jambo moja ambalo limewafungia watu mlango. Tiketi yenu inasema 23:30, hiyo haina utata. Lakini ratiba husogezwa, na ndege ya usiku ikisogezwa kwa dakika arobaini tu inakuwa 00:10, na tarehe nayo inabadilika. Kwa hesabu ya vitabu vya ndege, 00:10 ya tarehe 6 ni dakika kumi baada ya saa sita ya usiku unaofuata mchana wa tarehe 5. Mtu wetu anasoma "tarehe 6, usiku", analala vizuri tarehe 5, tarehe 6 jioni anabeba mabegi kwenda JKIA, kumbe ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkiletewa ujumbe wa mabadiliko, msiangalie saa pekee.

Sasa kaka yako. Hoja yake ina mvuto, na nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Ni kweli dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iliyo ndani ya hewa hiyo pia, tangu ikiwa imeegeshwa. Mpe hesabu hii: Kisumu iko magharibi ya Nairobi, kilomita kama 265 kwa ndege. Ingekuwa dunia inapita chini ya ndege, rubani angepaa juu ya Nairobi, akasimama tu angani, na baada ya dakika kumi Kisumu ingekuja yenyewe chini yake. Mwambie akajaribu kuwauzia watu tiketi hiyo. Tena tiketi ya Mama yenyewe inamkana: kwenda magharibi ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi, saa 15, na kurudi mashariki saa 14. Kama dunia ingekuwa inasaidia upande huo, ingekuwa kinyume.

Kinachofanya tofauti hiyo ya saa moja ni upepo. Nao, nimtendee haki kaka yako, unapata mwelekeo wake kwa sehemu kutokana na mzunguko wa dunia. Kwa hiyo dunia imo, ila si kwa njia anayoifikiria yeye.

Huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kwenye latitudo za kati za kaskazini, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki. Mkondo mkali unaweza kupita kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi kali kule kwao hupata nguvu zaidi, mara nyingine ukazidi 300. Wenye majahazi wa Lamu na Mombasa wangelielewa jambo hili bila kuelezwa: hawakuuliza Muscat ni mbali kiasi gani, waliuliza kama ni msimu wa kaskazi au wa kusi. Ndege nayo haiendi juu ya ardhi, inakwenda ndani ya hewa, na hewa yenyewe inahama. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba ilipokuwa inaikaribia Uingereza, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida inapita saa sita. Kilomita hazikupungua hata moja.

Njia ya Nairobi ina bahati kidogo, kwa sababu sehemu yake ya kwanza iko katika tropiki ambako pepo hizo za magharibi hazina nguvu sana. Ugumu unaanza Sahara ya kaskazini na kuendelea Atlantiki yote. Tufanye hesabu ya makadirio. Dreamliner, ile Boeing 787 inayotumika katika safari hii, hukata hewa kwa kama kilomita 905 kwa saa. Gawa 11,840 kwa 905, unapata saa 13 na dakika tano. Hapo ndipo vikokotoo vingi vya mtandaoni vinapoishia. Lakini ongeza zile kilomita 300 za kuzunguka, dakika ishirini. Ongeza robo saa, maana ndege haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo: inapanda taratibu na inashuka taratibu. Ongeza nusu saa ya kutambaa ardhini, kutoka geti la JKIA hadi njia ya kurukia na kutoka njia ya kutua hadi geti la JFK. Umefika saa 14 na dakika kumi, upepo bado. Tuseme upepo wa mbele kwa wastani wa njia nzima ni kilomita 40 kwa saa: unaongeza dakika kama 35. Ukirudi, upepo huo huo ukiwa mgongoni, unapunguza karibu kiasi hicho hicho. Kwenda unakuwa karibu na saa 14 na dakika 45, kurudi saa 13 na dakika 35. Shirika linaongeza akiba kidogo ili lisionekane linachelewa kila siku, ndiyo unapata 15 na 14 kwenye tiketi. Kwa hiyo Mama akifika robo saa kabla ya wakati ulioandikwa, rubani hakuendesha kwa fujo.

Kuna jambo jingine la safari hii ambalo halionekani kwenye tovuti yoyote ya umbali, nalo linanivutia kuliko hata upepo: Nairobi iko juu. Uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Mabawa hupata nguvu ya kubeba kutoka kwa hewa, na injini pia zinakula hewa hiyo hiyo, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Bahati nzuri njia ya kurukia ya JKIA ina urefu unaozidi kilomita nne. Hata hivyo siku yenye joto huenda mizigo ikalazimika kupunguzwa. Usiku hewa imepoa, imekuwa nzito kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kuondoka saa za usiku kuwa jambo la busara kutoka mji kama wetu.

Addis Ababa wanaijua shida hii zaidi yetu. Uwanja wa Bole uko mita 2,334 juu. Ndiyo maana kwa miaka mingi safari kadhaa za Ethiopian kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, mara Dublin, mara Lomé, mara Rome, ilhali zikirudi kutoka Marekani, ambako zinarukia karibu na usawa wa bahari, huja moja kwa moja. Umbali ule ule, ndege zile zile. Uwanja wa kuondokea ndio unaoamua.

Kwa kumbukumbu: Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama mnamo Februari 2017. Wakati wa kuzindua walitangaza marubani wanne, wahudumu 12, na tani 85 za mafuta kwa kila upande. Marubani wanne si kwa sababu ndege ina usukani wa ziada. Wanapokezana, wawili wanapumzika. Wala si safari ndefu kuliko zote duniani, kama wanavyojigamba wengine: Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300 na inakaribia saa 19.

Sasa huyo wakala. Doha na London zote ni njia halali, lakini hazilingani, na hapa ule uzi wako wa tufe unafaa tena. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,840, London hadi New York 5,540. Jumla 12,380. Inazidi ile ya moja kwa moja kwa kilomita 540 tu! Kwenye ramani bapa London inaonekana kama kuzunguka mbuyu, kumbe iko karibu na njia. Doha ni kisa kingine. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350, ukielekea kaskazini-mashariki, yaani unaipa Marekani mgongo. Kutoka Doha hadi New York ni 10,770. Jumla 14,120, ziada ya kilomita karibu 2,280, ambayo ni saa mbili na nusu za kuruka bure.

Na bado kuruka si tatizo kubwa. Tatizo ni kusubiri. Kupitia London, Mama atakaa angani kama saa 17, kupitia Doha kama 19. Ongeza kusubiri ndege ya pili: ikiwa saa tatu, amefika 20 au 22. Ikiwa saa tisa, amelala kwenye kiti cha chuma. Mtu akikuambia bei ya tiketi bila kukuambia muda wa kusubiri, hajakuambia bei. Kwa London pia ulizeni mapema kama pasipoti yake inahitaji viza ya kupita, hata kama hatoki nje ya uwanja.

Maoni yangu, maana umeyaomba: kama tofauti ya bei si ya kuvunja benki, mpeni Mama ndege ya moja kwa moja. Kwa kijana aliyezoea viwanja nisingesema hivyo, mwache apitie Doha aokoe pesa. Lakini kwa mama wa miaka 68 anayesafiri peke yake, hatari kubwa si kilomita, ni kile kipindi cha kutoka ndege moja hadi nyingine katika uwanja asioujua, lango limebadilishwa dakika za mwisho, na tangazo limepita kwa Kiingereza cha haraka. Yupo atakayekupinga kwamba saa 15 mfululizo zinaumiza magoti na kwamba kupumzika katikati ni nafuu. Ana hoja. Dawa yake ni kuchukua kiti cha upande wa njia, ainuke na kutembea kila baada ya muda, anywe maji, na kama amewahi kuwa na tatizo la damu kuganda au anatumia dawa za presha, amwone daktari kabla ya safari, amuulize pia azinywe kwa saa za wapi. Njia yoyote mtakayochagua, ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Hakilipiwi, na anayekisukuma anajua njia zote na foleni zote. Wazee wetu hukataa kwa kuona ni kama kuitwa mgonjwa. Mwambieni ni dereva wake.

Jambo la kumfurahisha: hewa ndani ya ndege hizi za Dreamliner hushindiliwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 juu ya bahari, wakati ndege nyingi za zamani huenda hadi 2,400. Nairobi mjini ni karibu mita 1,800. Kwa hiyo mapafu yake hayataona ugeni wowote. Mtu wa Limuru atakuwa hata ameshuka. Ukavu wa hewa ndio atakaousikia, abebe mafuta ya midomo.

Na ajiandae kwa giza. Anaondoka usiku, anaelekea magharibi pamoja na usiku wenyewe, anatua 06:30 wakati New York ya Desemba jua linachomoza saa moja asubuhi na kitu. Karibu safari nzima hataona jua. Atakula, atalala, ataamka, na dirishani bado ni usiku. Asije akafikiri saa yake imesimama.

Siku ya safari, kutoka Umoja, msihesabu kilomita za Outering, hesabuni foleni, hasa ikiwa ni Ijumaa. Safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada juu ya ule wa kawaida, na pale kwenye lango la kuingilia JKIA nako kuna ukaguzi. Mpangeni awe kaunta saa moja na nusu jioni, saa nne kabla ya kuruka, kwa hiyo tokeni nyumbani saa kumi na mbili. Matatu namba 34 inafika uwanjani, lakini si kwa mabegi mawili yaliyojaa unga na majani chai. Chukueni teksi.

Upande wa pili, atakayempokea asikasirike akiona ndege imetua na Mama hatoki. Foleni ya uhamiaji JFK inaweza kula saa moja hadi mbili, na mabegi yana wakati wake. Kwa saa za Umoja ndege inatua saa nane na nusu mchana. Simu ya "nimefika" tarajieni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kabla ya hapo, mkitaka kutulia, andikeni namba ya safari kwenye tovuti yoyote ya kufuatilia ndege mwone ilipo. Na msimpigie mfululizo, ataizima.